Nairobi ya Filamu na Mwanya Nyuma ya Nyumba ya Mama

Nina banda la sinema hapa Sori, kando ya ziwa, la mabati, lenye mabenchi kumi na mawili na televisheni kubwa niliyoifunga kwenye meza kwa mnyororo, maana majirani zangu nawajua. Kazi yangu si kubonyeza kitufe tu. Nashika maikrofoni na kueleza. Filamu ikisema Kiingereza, Kichina au lugha nisiyoijua kabisa, mimi naieleza kwa Kijaluo na Kiswahili, na pale nisipoelewa natunga. Wavuvi wakishauza samaki wa asubuhi na kulala kidogo, huja mchana kunisikiliza mimi kuliko kutazama. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo.

Katika kazi hii nimeona watu wakifa kwa risasi, kwa sumu, kwa upanga, kwa mapenzi. Na kuna kitu kimoja nimejifunza ambacho wateja wangu hawakijui: maiti wa filamu hupumua. Watu humtazama usoni. Mimi hutazama tumbo. Hata akiwa mwigizaji hodari namna gani, mwishowe tumbo litapanda kidogo, kisha litashuka.

Kaka yangu, kifungua mimba wa mama yetu, alikwenda Nairobi kuigiza. Tangu utoto alikuwa mtu wa vituko, akimwiga padri na chifu hadi watu wakashika mbavu. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Alisema ameingia kwenye filamu, kwamba mambo yanakuja, kwamba atamjengea mama nyumba ya matofali. Alitia chumvi, lakini sisi tulitaka chumvi hiyo. Kisha simu zikapungua, na mwishowe namba yake ikazimika. Mama hakuacha kumpigia. Kila Jumapili baada ya kanisa alipiga, na sauti ya yule mwanamke wa mtandao iliposema mteja hapatikani, mama alimjibu kwa heshima zote: "Haya, mama. Umwambie nimempigia." Hivyo kwa miaka mitatu.

Basi siku moja jamaa anayeniletea filamu kutoka Migori mjini akanipigia simu. "Omera, ndugu yangu, kaka yako yuko kwa hii picha. Nimemwona na macho yangu."

Ilikuwa filamu ya Nairobi, ya polisi na majambazi, ya kawaida tu. Kijana anaiba mkoba na kufukuzwa mji mzima. Kaka yangu anaonekana mara tatu. Mara ya kwanza anauza kufuli chini ya ngazi fulani River Road, kijana anampiga kikumbo na kufuli zinamwagika. Mara ya pili ameketi stesheni ya reli akisoma gazeti. Mara ya tatu ni mochari. Mpelelezi anainua shuka, anamwangalia kaka yangu aliyelala na kijikaratasi kidoleni, anasema, "Si huyu," kisha anamfunika na kwenda meza inayofuata. Nilirudisha sehemu hiyo nyuma mara kadhaa. Tumbo lilipanda. Nikacheka peke yangu bandani, nikafurahi sana.

Nikatangaza kijiji kizima. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo ni langu mwenyewe, si la mtu mwingine.

Banda lilijaa hadi watu wakasimama nje wakichungulia kwenye matundu ya misumari. Mama alikuja na nguo yake ya kanisani. Hakuwa amewahi kuingia bandani kwangu. Aliliita mahali pa wavivu. Nilimkalisha benchi la mbele. Kaka alipotokea na kufuli zake watu walipiga makofi, mama akafunika mdomo kwa leso na kucheka. Stesheni, makofi tena. Nami nilikuwa nimepandwa na jazba, mate yanaruka kwenye maikrofoni. Mochari ilipofika na shuka ilipoinuliwa, mdomo wangu ulifanya kazi uliyoizoea. Sikusema maneno ya mpelelezi. Nilisema kama ninavyosema kila mtu anapokufa kwenye skrini, kwa sauti nzito ya kuvuta: "Ametuacha, jamani. Ndugu yetu ametuacha."

Mama akasimama na kupiga nduru.

Kama hujawahi kuisikia nduru ya mama wa Kijaluo aliyefiwa siwezi kukueleza, ingawa kueleza ndiyo kazi yangu. Nilizima televisheni. Nikamshika mabega, nikamwambia, "Mama, ni filamu, anaigiza, yuko hai." Hakunisikia. Miaka mitatu ya yule mwanamke wa simu ilimtoka kwa mara moja. Nje, akina mama waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, waliacha nyavu zao na kuitikia. Wengine wakaja mbio kutoka ufuoni bila kujua nani amekufa, nao wakalia. Kufikia jioni boma letu lilikuwa na watu, viti na moto.

Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba na mkubwa wa boma letu, aliniita pembeni. Si mtu wa kufoka.

"Umetuletea nini, wuod owadwa, mwana wa ndugu yetu?"

"Ni filamu tu, baba. Kaka hajafa."

"Unajua hajafa, ama unadhani?"

Nilikuwa nadhani tu. Filamu ilikuwa imepigwa zamani, na namba ilikuwa imezimika.

Akaniambia namna mambo yalivyo kwetu. Nduru imepigwa na watu wameitikia, kwa hiyo boma limeshamlilia mtu. Haliwezi kukaa hivyo. Kama amekufa, nimlete. Kama mwili haupo, nilete udongo wa mahali alipolala, tuuzike pamoja na yago, lile tunda refu zito la mwegea ambalo huzikwa mahali pa mtu asiyepatikana. Na kama yu hai, nimwahi kabla hajaja mwenyewe, kwa sababu aliyekwisha kuliliwa hapiti tena langoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Ua wa nyuma hukatwa mwanya, anaingizwa kwa huko, na kuna ya kufanywa kabla hajala chakula cha mama yake.

"Utamtafuta wapi?" akauliza.

Sikuwa na anwani. Nilikuwa na filamu.

Hivyo ndivyo nilivyoijua Nairobi: kwa simu mkononi, nikitazama sehemu moja ya filamu, nasimamisha, nainua macho, nalinganisha. Ngazi za River Road nilizipata siku ya kwanza kwa sababu ya ukuta wa rangi ya machungwa na bango la kiatu lililokatika kona. Kwenye filamu ngazi zile zinapanda hadi pango la majambazi. Nilipanda. Juu kulikuwa na daktari wa meno, na mama mmoja ameshika shavu akisubiri. Nikashuka. Chini, mahali kaka alipomwaga kufuli, palikuwa na mtu anauza chaja.

Askari wa mlangoni aliniangalia. "Wewe ni wa shooting?"

Nikamwonyesha picha ya kaka.

"Hao wa kuokotwa siwajui mmoja mmoja. Wanakujanga na gari, wanakimbizana kwa hizi ngazi siku mzima, wanaenda. Waulize stesheni. Asubuhi ndio wanachaguliwa huko, kama watu wa mjengo."

Kwenye filamu kijana anaruka ngazi ya mwisho, anapinda kona, na tayari yuko stesheni. Nimewahi kueleza pale kwamba mbio zake ni za ajabu. Si za ajabu, ni uongo. Nilivuka barabara tatu kubwa, nikapotea sokoni, nikatukanwa na mwenye mkokoteni, na nilipofika stesheni shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Nilianza kuuchukia mji ule, na kuwachukia waliokata na kuunganisha picha zake ili uonekane mdogo na wenye huruma. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewauzia watu wa Sori mji ambao haupo. Kaka yangu alikuwa mteja wangu wa kwanza. Alikaa benchi la mbele banda likiwa bado jipya, akisikiliza nikimweleza Nairobi ambayo mimi mwenyewe sijakanyaga.

Niliketi kwenye benchi lake la gazeti hadi nikatulia. Kando ya lango mama mmoja alikuwa akiuza chai na mandazi, na vijana wawili wenye nguo za polisi zisizowatosha walikuwa wakinywa kwake. Nilimwonyesha simu.

"Huyu? Huyu wa kufa? Namjua sana."

"Yuko wapi, mama?"

"Alikufa jana," akasema.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Aliweka birika chini haraka akanishika mkono. "Aki pole! Kwa kazi, baba. Amekufa kwa kazi. Leo pia anakufa. Hao hawampi kazi ingine, kwa sababu anakaa kimya vizuri, na amekonda."

Akanielekeza Industrial Area, godauni lenye geti la kijani. Geti lile nililijua. Kwenye filamu limeandikwa MOCHARI kwa herufi nyeupe. Nilipolifikia herufi zilikuwa zimefutwa nusu, na ndani kulikuwa na kreti za soda hadi dari. Nyuma ya kreti walikuwa wamesimamisha kuta za mbao nyepesi, zimepakwa rangi ya vigae, na taa kali, na meza tatu. Kwenye meza ya kati alilala kaka yangu. Walikuwa wamempaka unga unga mweupe, lakini mbavu hazikuwa za kupakwa.

Nilimwita kwa jina la utani ambalo mama peke yake hulitumia. Hakufumbua macho. "Ngoja wamalize," akasema bila kusogeza midomo.

Nikangoja. Walimfunika na kumfunua mara nne.

Baadaye tulikaa kwenye kreti, yeye amejifunga shuka ile ile, anakula chapati kwa kasi. Alikuwa na jino moja la mbele limetoka. Hakuwa na simu. Iliibiwa, na baadaye, alisema, aliona ni afadhali. Alilala mle mle godaunini, kwenye meza mojawapo. Hakuwa na mbele wala nyuma, kaka yangu aliyekuwa amjengee mama nyumba ya matofali.

Nikamweleza yote. Bandani, maneno yangu, nduru, moto. Nilidhani atanipiga. Aliacha kutafuna.

"Walikuja wengi?"

"Nani?"

"Kwa matanga yangu. Watu walikuja wengi?"

"Walijaa. Hata wa Muhuru Bay walikuja na mashua."

"Na mama alilia?"

"Mama bado analia. Ndiyo maana niko hapa. Twende nyumbani. Baba mdogo amesema mwanya utakatwa, utaingia kwa nyuma, basi yaishe."

Aliweka chapati chini. Kisha akasema, na maneno haya ninayo hadi leo: "Wuod mama, mtu aliyeliliwa na watu wa Muhuru Bay hawezi kurudi na begi moja. Watanitazama mikono. Nikiwa hai sikuwahi kuwaletea kitu. Sasa angalau wamelia. Niache hivyo."

"Na mama?"

"Mama akizika, atalala. Asipozika atanipigia simu hadi kufa kwake."

Nilimzaba kofi. Sijawahi kumpiga kaka yangu, wala hairuhusiwi, lakini nilimzaba, na unga ukabaki kiganjani mwangu. Mtu wa kamera akageuka, akaona ni mambo ya watu wa chini, akageuza uso. Kaka hakurudisha. Alinyanyuka na shuka yake, akatoka mlango wa nyuma, nikasikia anakwaruza chini kwa kitu. Aliporudi alikuwa na udongo umefungwa kwenye karatasi ya mkate. Aliufunga vizuri, akakunja pembe kama mtu anayefunga zawadi, akaniwekea mfukoni mwa shati.

"Ni wa hapa hapa," akasema. "Hutakuwa umedanganya. Hapa ndipo ninapolala."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumbeba mabegani, alikuwa mwepesi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo, na jibu silipendi: niliona haya kwa ajili yake, na haya zangu zilikuwa kubwa kuliko za kwake. Mimi pia niliona jinsi watakavyomtazama mikono.

Tulizika yago na ule udongo kushoto mwa boma, karibu na kibanda chake cha ujana. Baba mdogo aliniuliza mbele ya watu, "Umepaona mahali alipolala?" Nikajibu, "Nilipaona." Hakuniuliza zaidi, na mimi sikuongeza. Mama alirusha udongo kwa mkono wake. Jumapili iliyofuata hakupiga simu. Kaka alisema kweli: mama alianza kulala.

Mimi ndiye nilikosa usingizi. Niliendelea na banda kwa sababu sijui kazi nyingine, lakini maiti alipotokea kwenye skrini nilinyamaza, na wateja wakazoea, wakidhani ni heshima kwa marehemu. Filamu yoyote ya Nairobi nilikuwa naitazama kwanza peke yangu, mlango umefungwa. Mara mbili nilimwona. Mara moja alikuwa amefunikwa, nikamjua kwa miguu. Hizo sikuzionyesha.

Mama aliugua mwaka jana. Tulimpeleka Awendo, kisha Migori, na mwisho Homa Bay, kwa sababu kila mahali walisema vipimo vingine viko mbele. Wodini alikuwa karibu na dirisha, na ziwa lilionekana kidogo kati ya mapaa. Alasiri moja, nikimlisha uji, akaniambia anataka kuiona ile picha.

"Picha gani, mama?"

"Usinifanye mtoto. Ile."

Ilikuwa bado kwenye simu yangu. Niliondoa sauti. Alitazama kufuli zikimwagika, akatabasamu. Alitazama gazeti. Mochari ilipofika nikataka kuzima, akashika kidole changu. Shuka ikainuliwa, ikashushwa.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena." Aliisogeza simu karibu na jicho lake zima, lile lisilo na mtoto wa jicho. Hakumtazama usoni. Mama yangu, ambaye aliingia bandani kwangu mara moja tu maishani, alitazama tumbo.

"Anapumua," akasema.

"Mama, hiyo ni filamu."

"Najua ni filamu. Ndiyo maana nasema anapumua." Akanirudishia simu. "Ulimwona ulipokwenda?"

Nilikuwa nimeshika kijiko cha uji. Nikakirudisha bakulini. "Nilimwona."

"Anakula?"

"Anakula, mama."

"Mbona umenizikisha tunda?"

Nikalia. Sikuwa nimelia matangani, nikalia pale, mtu mzima, wagonjwa wengine wakigeukia ukutani kunistahi. Nilimweleza kila kitu, hata kofi, hata karatasi ya mkate. Alisikiliza macho yakiwa kwenye lile ziwa dogo la dirishani. Nilitarajia laana na nilikuwa tayari kuipokea.

"Huyo mtoto alikuwa na kiburi tangu tumboni," akasema mwishowe. "Ukirudi nyumbani ukate mwanya kwenye ua, nyuma ya nyumba yangu. Baba yako mdogo akiuliza, mwambie mbuzi wamepita. Usiende kumvuta. Ukate tu, ubaki wazi."

Nilirudi Sori kesho yake, nikachukua panga na kukata minyaa ya ua, utomvu ukaniunguza mikono. Mama aliishi siku nne baada ya hapo.

Nilikuwa nimehifadhi namba ya yule mama wa chai wa stesheni. Nilimpigia, nikamwomba amfikishie kaka habari na siku ya mazishi. Tulimngoja sisi wawili peke yetu, mimi na marehemu mama, maana hakuna mwingine aliyejua. Watu waliongea, jeneza likashushwa, nikawa natazama ule mwanya hadi shingo ikaniuma. Hakuja. Wiki moja baadaye yule mama alinipigia. Alisema habari alimpa, na kaka aliitikia tu kwa kichwa akaingia kazini, kwa sababu siku ile alikuwa amepangiwa maiti. Alisema walirudia tangu asubuhi hadi saa kumi, na mwenye kamera alifoka sana, kwa sababu tumbo lilikataa kutulia.

Baba mdogo ameniuliza mara mbili kuhusu mwanya. Nimemwambia ni mbuzi. Mvua zikinyesha minyaa huota upesi na kutaka kuuziba, nami hutoka na panga na kuipunguza. Naacha upana wa mtu mmoja. Napima kwa mabega yangu mwenyewe, maana yangu na yake ni sawa.